Nilivyolifungia Ziwa Kufuli

Siku tuliyohama, maji yakiwa yamefika magotini, nilirudi peke yangu kufunga geti. Baba Watoto alikuwa ametangulia na godoro kichwani. Binti zetu wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine sita, walikuwa wamebeba sufuria na vikombe. Majirani wote wa ile ploti walikuwa wameacha milango wazi, maana nani angeiba nyumba zilizojaa maji? Mimi nilirudi. Nilivuta lile geti fupi la chuma, lenye ncha kali juu kama geti la watu wenye mali, nikapitisha mnyororo, nikabana kufuli, nikatia ufunguo kifuani. Hata nyumba yenyewe haikuwa yangu, tulikuwa wapangaji tu. Lakini Ziwa Naivasha lilikuwa limeingia kwangu bila hodi, na mimi si mtu wa kumwachia mlango wazi mgeni wa namna hiyo.

Nilijiona shujaa. Sikumwambia mtu.

Kabla ya hapo tulikuwa watu wa kawaida, wakazi wa sehemu ya chini ya mtaa wa Karagita, karibu na maji. Mimi nilikuwa, na bado ni, mfanyakazi wa shamba la maua: napanga waridi kwa urefu wa shina, kutwa nzima nimesimama. Mume wangu alikuwa na mashua ya faiba yenye injini, ya kubeba watalii kuwaonyesha viboko na ndege. Ziwa lilipopanda na kukataa kushuka, wageni wakaacha kuuliza viboko. Walitaka kuonyeshwa nyumba zilizozama. Walikuja na simu zao kupiga picha mabati yetu, na mume wangu aliwapeleka, kwa sababu watoto hawali hasira. Sisi wenyewe wakati huo tulikuwa tukilala katika ukumbi wa kanisa pamoja na wenzetu wengi, kila familia imetenganishwa na nyingine kwa shuka.

Miezi miwili ikapita. Siku moja, akiwa na wageni sita ndani, alifika karibu na ilipokuwa ploti yetu. Alikuwa amepita kando yake mara nyingi. Siku hiyo sijui alikuwa akiwaza nini. Mkono wake ulikata kona pale pale alipozoea kukata kona kila jioni akirudi nyumbani. Kushoto kwenye mgunga mkubwa, halafu moja kwa moja. Mtu hapotei njia ya kwake. Geti lilikuwa chini ya maji kiasi cha shubiri moja, limefungwa, ncha zikiangalia juu. Likapasua mashua chini, upande wa mbele, ufa wa urefu wa mkono wangu kuanzia kiwiko.

Hakuna aliyeumia. Mashua nyingine ilikuja ikachukua wageni, naye akairudisha yake taratibu, mkono mmoja kwenye injini, mwingine ukichota maji kwa mtungi wa plastiki uliokatwa. Alipofika alisema amegonga kitu. Nikasema pole. Ufunguo ulikuwa umening'inia shingoni mwangu kwa uzi, chini ya blauzi, na nilishindwa kumtazama usoni.

Pale bichi, ufukweni tunapoegesha mashua, kuna desturi ninayoipenda kuliko zote: mashua haisukumwi kwa pesa. Ukitaka kuitoa yako majini unaita tu, na kila mwenye mashua anakuja anaweka bega. Kazi yako ni chai na mandazi, na siku mwenzako akiita nawe unaenda, hata kama jana mlitukanana. Waliipandisha yetu juu ya magogo ya mikaratusi wakaiacha hapo, mbele yake ikiangalia nchi kavu, nyuma ikiangalia ziwa. Nilikuwa nikimimina chai huku nikiitazama. Ilikuwa na paa la turubai. Ilikuwa na viti virefu pande zote mbili. Na haikuwa na jirani wa kukohoa nyuma ya shuka.

"Tutahamia hapa," nikamwambia mume wangu.

"Kwa boti?"

"Si ni yetu?"

"Watu wataona aje?"

"Wataona boti."

Tukahamia. Tulishusha turubai pande zote likawa ukuta. Kreti za soda zikawa ngazi. Watoto walilala nyuma, karibu na injini, vichwa vyao juu ya yale majaketi ya rangi ya machungwa ambayo wageni huvalishwa ili waelee. Mimi na Baba Watoto tulilala katikati, kila mtu kwenye kiti chake, tukishikana mikono tukikumbuka. Jiko lilikaa chini kwenye mchanga, kwa sababu mbele mlikuwa na kazi ya faiba na gundi yake inashika moto upesi. Tatizo lilikuwa mteremko. Mashua ilikuwa imelala ikielekea nyuma, kwa hiyo kila kitu kilichoanguka kilibingirika hadi kwenye injini: kitunguu, shanga, betri ya redio. Binti yangu mkubwa alifanya hesabu za shule huku mguu mmoja ameutega kuzuia kalamu. Akiisahau, kalamu inaondoka, naye anashuka kuifuata akilalamika kwamba hakuna mtoto mwingine darasani anayefukuza kalamu yake.

Watu wa bichi walitucheka, na walikuwa na haki, lakini sikuwapa raha ya bure.

"Mama Nuhu!" mmoja aliniita kila asubuhi. "Na wanyama wako wapi?"

"Mmoja si ndiye huyo anauliza."

Kiboko naye alikuja kututembelea. Alfajiri moja alijikuna mgongo kwenye ubavu wa mashua, taratibu, mpaka vikombe vikalia. Wanangu walikaa kimya kabisa, macho yamewatoka, na alipoondoka wakaanza kucheka wasiweze kuacha. Nikajiambia: katika ukumbi wa kanisa hawakuwahi kucheka hivi. Nilikuwa naanza kupapenda pale, na nilijua nikikipenda kitu lazima atatokea mtu wa kuniambia nikiache.

Akatokea mama mkwe wangu. Yeye ni mkulima wa mahindi huko Rongai, mjane, ana nyumba ya vyumba vitatu, ng'ombe wawili na shule ya msingi ng'ambo ya barabara. Tena ni mtu mwema, na hapo ndipo penye taabu, kwa sababu mtu mbaya unamfukuza tu. Alikuja, akazunguka mashua mara mbili bila kupanda, akagonga ubavu wake kwa kidole.

"Watoto wa kijana yangu hawawezi lala kwa bakuli," alisema.

Mume wangu akaangalia miguu yake. Tangu ile siku ya geti alikuwa amezoea kuiangalia.

"Ni ya muda kidogo tu, Mama," nikasema.

"Basi hiyo muda kidogo wakae kwangu. Hapo mkipata nyumba mnakuja kuwachukua."

Nitaeleza kwa nini damu ilinipanda. Nilipokuwa na miaka minane, mambo yalipokuwa magumu nyumbani, mama yangu alinipeleka kwa shangazi yangu Kikopey, aliyekuwa akipika ugali nyuma ya bucha moja ya nyama choma. Nikae kwa muda kidogo. Shangazi hakunitesa; alinipenda, alinisomesha, alinisuka nywele kila Jumapili. Nilikaa mpaka nikaolewa. Ninachokumbuka ni siku moja mama yangu alipokuja kuniona. Nilifuta kiti, nikamkaribisha, nikamwuliza kwa heshima: utakunywa chai au soda? Aliniangalia, akasema soda. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na tayari mama yangu alikuwa mgeni wangu.

Kwa hiyo nilimwambia mama mkwe hapana. Nilisema hapana ambayo mkamwana hasemi, bila kuinamisha kichwa.

Alininyooshea kidole, si kwa hasira. "Sawa. Lakini nisikize. Siku maji itaingia ndani ya hii kitu yenu, nakuja kuwabeba. Na si kwa wiki moja."

"Ikiingia, Mama, nitawafungia nguo mimi mwenyewe."

Ulimi wangu huo. Mume wangu aliinua macho kutoka miguuni kwake akanitazama kama mtu aliyesikia sahani ikivunjika jikoni.

Kuanzia siku hiyo tukaanza kulipima ziwa. Kila asubuhi kabla ya shule binti mkubwa alichomeka kijiti pale maji yalipoishia. Kila asubuhi kijiti cha jana kilikuwa ndani ya maji. Yakibaki hatua kumi kufika kwetu, tunaita wasukumaji, nakanda unga, mandazi yanaliwa, mashua inapanda juu kidogo na nyumba yetu inapata majirani wapya. Tulifanya hivyo mara moja, mara mbili. Wakati huo Baba Watoto alikuwa akiziba ufa. Alisugua, akapaka gundi, akalaza kitambaa cha faiba, akapaka tena, tabaka juu ya tabaka, vumbi likituwasha sote mpaka kwenye kope. Alipomaliza, kiraka kilikuwa kinene kuliko mashua yenyewe.

"Lini inarudi majini?" nikamwuliza.

"Ikauke kwanza."

Ikakauka. Wiki ikapita, na nyingine. Wenzake walikuwa wakibeba wageni, yeye alikuwa akigonga kile kiraka kwa kidole na kusema bado. Nami, ambaye kwa kawaida ningemkalia kooni, nilinyamaza. Mashua ikiwa nchi kavu, maji hayawezi kuingia ndani. Ikirudi ziwani, yanaweza. Maji yalipokaribia mara ya tatu nilikuwa wa kwanza kuwasha jiko la mandazi.

Jioni ile, mashua ikiwa imepanda juu kabisa karibu na ua wa seng'enge, nilimpigia simu mama mkwe. Nataka kusema ukweli: nilipiga ili kujisifu.

"Tumeisukuma tena," nikamwambia. "Maji haitufikii, Mama. Hata ije mbio vipi."

Nilimsikia kuku wake.

"Hiyo kitu si ni boti?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Na imetengenezwa?"

"Imetengenezwa."

"Sasa kwa nini mnaikimbiza kutoka kwa maji kama ng'ombe?"

Mama wa shamba, asiyejua kuogelea, ambaye ziwa aliliona mara moja tu na hakulipenda, ndiye aliyeniuliza swali ambalo hata wasukumaji, wenye mashua zao, hawakuniuliza. Tulikuwa tumeishi ndani ya ile mashua mpaka tukasahau ni mashua. Tulikuwa tunaiokoa isilowe. Nilicheka, halafu hasira ikanijia, na nilijua ni hasira juu ya nani. Maji yalikuwa yamenifukuza nyumbani, yakanifukuza ufukweni mara tatu, na mimi nilikuwa nimekaa ndani ya kitu pekee katika Karagita nzima ambacho hakipaswi kuyaogopa.

"Mama, hatusukumi tena," nikasema. "Kuja uone mwenyewe. Na ukitaka, kuja na mfuko wa nguo."

Nilipokata simu Baba Watoto alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amesikia yote.

"Na ikivuja?" aliuliza.

Nilitoa ufunguo shingoni nikauweka kwenye kiganja chake. "Ile kitu uligonga ni geti," nikamwambia. "Mimi ndiye nililifunga. Siku tukihama."

Aliugeuza ule ufunguo, akanirudishia.

"Nilijua," alisema. "Nilijua hiyo siku. Nani mwingine kwa hiyo ploti angefungia ziwa kufuli?"

"Na hukusema?"

"Mimi ndiye niliingia ziwa kama mtu anaenda kula supper. Ningesema nini?"

Kumbe miezi yote ile kila mmoja alikuwa akimwonea haya mwenzake, katika nyumba ya upana wa hatua mbili. Hatukulia, hatukukumbatiana. Alishuka akaenda kutia injini mafuta, na mimi nikamaliza kuosha vyombo.

Ziwa lilichukua siku kumi na saba kutufikia. Siku za mwisho tuliweka ubao mrefu wa kupita kutoka nchi kavu. Kufikia Ijumaa nyuma ya mashua ilikuwa imeanza kuyumba kidogo, lakini mbele, penye kiraka, ilikuwa bado imekaa juu ya gogo, na maji yalikuwa yakiilamba tu.

Jumamosi asubuhi mama mkwe alifika kwa bodaboda akitokea stejini. Alikuwa na ule mfuko mkubwa wa nailoni wa miraba. Safari hii alipanda. Alipita juu ya ubao akiwa ameinua sketi, bila kukubali mkono wa mtu, akaketi kwenye kiti cha kwanza mbele, kiraka kikiwa chini ya viatu vyake. Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na sweta mbili za shule, rangi ya damu ya mzee, mpya, nembo ya shule ya kwao kifuani. Alikuwa ameshazungumza na mwalimu mkuu.

"Saizi nimekisia," alisema.

Binti mdogo alivaa yake papo hapo kwa sababu kulikuwa na baridi, na ilimkaa sawasawa. Hilo liliniuma kuliko neno lolote. Nilitoa chai kwenye thamosi nikamimina, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Mume wangu alikuwa majini, maji yamemfika mapajani, akitikisa mashua kwa bega. "Nyuma imeinuka," alisema. "Mbele ndiyo imekataa. Ni uzito."

Sote tukamtazama mama mkwe. Ni mwanamke wa mwili, Mungu ambariki.

"Mama," nikasema, "hebu songa nyuma kidogo."

"Niende wapi?"

"Huku kwa injini, shosho," binti mdogo akamwambia, akamshika mkono.

Akasimama. Hatua moja, hatua mbili, ameshika kikombe cha chai mkono mmoja na mjukuu mkono mwingine. Hatua ya tatu, gogo likalia chini yetu, mbele ikainuka, mashua ikateleza kinyumenyume na vikombe vyote vikapiga kelele. Baba Watoto akajirusha ndani akiwa amelowa. Halafu ile mashua ikatulia, na tukawa tunaelea, hatugusi kitu chini.

Sote watano tuliangalia sakafu.

"Maji hiyo," mama mkwe akasema.

Niliyaona. Mkondo mwembamba, umetokea upande wa kiraka, unakuja kwetu polepole. Nilimwona mama yangu amekaa kwenye kiti nilichokifuta. Nilijiambia, utawafungia nguo, ulisema mwenyewe. Mume wangu alikuwa amefumba macho.

Mama mkwe akainama, akachovya kidole, akakitia mdomoni.

"Iko na sukari," akasema.

Ilikuwa chai yangu. Kikombe nilichokiweka mbele kilikuwa kimepinduka tulipoteleza. Nilipiga magoti, nikafuta sakafu kwa kanga yangu, nikaweka kiganja juu ya kiraka na kusubiri. Pakavu. Nilisubiri tena. Pakavu kabisa. Nyuma yangu nilimsikia mume wangu akicheka, na nilikuwa nimesahau anavyocheka, akianza na kikohozi. Akawasha injini.

Tulizunguka ziwa sote watano. Binti mkubwa aliweka kalamu sakafuni, akangoja, akapiga makofi: kalamu ilikaa palepale. Tulipoufikia ule mgunga, Baba Watoto hakukata kona. Alipita mbali, kwa heshima.

"Nyumba yenu ilikuwa wapi?" mama mkwe aliuliza. Nikamwonyesha mabati. "Na hiyo geti iliwapasua?"

"Iko hapo chini. Imefungwa."

"Nani alifunga?"

Mume wangu akageuka kuangalia ndege ambao hawakuwepo.

"Mimi, Mama," nikasema.

Mama mkwe akayatazama yale mabati. "Hata mimi ningefunga," alisema. "Lakini ningeweka alama."

Wiki iliyofuata mume wangu alipiga mbizi akafunga mtungi mwekundu kwenye lile geti, na upo unaelea mpaka leo. Tuliishi ndani ya mashua miezi mitatu mingine, mchana ikibeba wageni, jioni ikitubeba sisi, tumeifunga kwenye mti. Sasa tumepanga chumba kimoja Karagita, juu kidogo, na ufunguo wa geti umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Ziwa likipanda hadi hapa, mashua iko.

Mama mkwe alirudi Rongai Jumamosi ile ile, mfuko wake mtupu umekunjwa chini ya kwapa. Sweta aliziacha. Binti zangu huzivaa asubuhi za baridi, zenye nembo ya shule ambayo hawajawahi kukanyaga, na watu wakiuliza wanasoma wapi, mdogo huwa anajibu kwamba anasoma hapa, kwa mama yake.